Mama Klachi na Gari Lisilo na Klachi

Ukitaka kumjua Mama Klachi, usimtazame usoni, mtazame mguu wa kushoto. Usoni alikuwa mama kama kina mama wengine, mnene kiasi, mpole, kilemba kimelala upande kwa ajili ya upepo wa dirishani. Mguu wa kushoto ndio uliokuwa na mambo yake. Hata akiwa ameketi nyumbani anachambua mchele, akisikia gari linapanda kilima huko nje, mguu ule ulikanyaga sakafu wenyewe pale gia inapotakiwa kubadilishwa. Kama dereva wa huko nje amechelewa, Mama Klachi aliguna kama mtu aliyeonja mboga isiyo na chumvi.

Kazi yake ilikuwa kusafirisha nyuki. Wafugaji wa pale walikuwa na kikundi chao, na mizinga yao ilikuwa masanduku ya mbao yanayobebeka. Maua hayachanui mahali pamoja mwaka mzima. Alizeti za bondeni zikikauka, mizinga inapandishwa mlimani kwenye bustani za matunda. Maua ya huko yakipukutika, inateremshwa tena. Jioni, nyuki wakisharudi wote, milango ya mizinga inazibwa kwa wavu, na alfajiri safari inaanza. Sasa, nyuki ni abiria asiyependa kushtuliwa. Gari likiruka, masega yanakatika, asali inawamwagikia wachanga, na mzinga mzima unachachamaa. Ndiyo maana usukani wa kikundi haukuwa wa kila mwenye leseni. Mama Klachi aliweza kubadilisha gia katikati ya mwinuko, gari likiwa limejaa, bila sanduku hata moja kutikisika. Watu walisema nyuki wakishushwa kwenye gari lake huwa bado wana usingizi.

Aliyemfundisha ni mumewe, ambaye siku hizi wanamwita Mzee Kamba. Zamani usukani ulikuwa wake. Kisha akapata kidonda kwenye kifundo cha mguu, kidonda kikakataa kupona, na hospitali wakamkata mguu wa kushoto chini ya goti. Alipopewa mguu wa bandia, hata ngazi hajazizoea, alikwenda moja kwa moja kukaa kwenye gari. Akakanyaga klachi, akaiachia. Gari likaruka kama mbuzi, likazima. Akajaribu tena, likaruka tena. Mguu wa bandia unabeba mwili, lakini hausikii, na klachi ya gari zito inataka mguu unaosikia, unaojua ni wapi hasa injini inaanza kushika. Akashuka, akafunga mlango taratibu, akamwita mkewe.

"Mama," akasema, "njoo ukae hapa."

Alikaa upande wa abiria, akaweka kiganja juu ya goti la mkewe, na kazi ikawa ni achia, achia, hapo hapo, shikilia. Siku za kwanza gari lilizima mpaka kuku wa jirani wakaacha kulikimbia. Lakini siku moja lilipanda kilima kama linavutwa kwa uzi, na tangu siku hiyo mama yule, aliyekuwa hajawahi kuendesha hata baiskeli, alijiona mtu mwingine. Mumewe akachukua kazi ya kufunga mizinga kwa kamba, akaifanya vizuri mno, akapewa jina jipya. Kuhusu usukani hakuuliza tena, na mkewe naye hakumuuliza.

Basi, gari la zamani lilivunjika chesisi, mafundi wakatikisa vichwa, likauzwa chuma chakavu. Kikundi kikachanga, kikampata muuzaji, na muuzaji akaja na magari mawili kama mapacha: yote mazito, yote marefu ya kupandia kwa mkono, yote yanavuta kwa magurudumu manne, hata rangi moja. Ukichungulia chini ya usukani ndipo unapoona tofauti. Moja lina pedali tatu na gia za mkono. La pili ni otomatiki, pedali mbili basi, lenyewe linajibadilishia gia.

Hapo maneno yakaanza. Mmoja alisema otomatiki ni gari la kwenda nalo harusini, si la mlimani. Mwingine akasema shemeji yake analo na linapanda kama paka. Wa tatu akadai kwamba otomatiki likiharibika hata fundi analia. Walibishana mpaka chai ikapoa. Mwenyekiti wa kikundi alikuwa dada yake Mzee Kamba, fundi cherehani, mwanamke mwenye pini kwenye kola siku zote na ulimi unaochoma kuliko hizo pini. Yeye ndiye aliyekata shauri. Alisema wanaobishana hapa hakuna hata mmoja anayepanda nyuma ya gari. Wanaopanda ni nyuki, kwa hiyo waulizwe nyuki. Kila gari lipakiwe mizinga ile ile, lipande mpaka kona ya juu na kurudi, kisha yeye ataweka sikio kwenye masanduku. Litakalorudi na nyuki waliotulia ndilo litakalonunuliwa.

"Na dereva ni wewe, wifi," akamwambia Mama Klachi. "Ukituharibia nyuki tutakushonea sare ya mpishi."

Watu wakacheka, naye akacheka. Lakini jioni ile, akiosha vyombo, alimweleza mumewe kilichokuwa moyoni. Kama otomatiki litashinda, kazi yake itakuwa nini? Gari linalojiendesha lenyewe namna ile yeyote ataliendesha, hata mpwa wa mtu yeyote. Yeye atarudi kuwa mama wa kushika bomba la moshi wa kutulizia nyuki. Alisema hivyo huku anasugua sufuria ambayo ilishatakata zamani.

Mzee Kamba alimwambia asihangaike, gia za mkono ndizo zitakazoshinda. Na kweli, kesho yake kikundini alizipigania kama wakili. Alisema gia za mkono unaziamuru mwenyewe. Alisema mlima unataka mtu, hautaki mashine. Alisema mengi kwa sauti kubwa, yeye ambaye kwa kawaida huongea na kamba zake tu. Mkewe alimshukuru moyoni. Ila aliona jambo moja dogo. Mumewe alilizunguka gari la pedali tatu, akalipiga matairi, akafungua boneti. Lile la pedali mbili alilipita bila kulitazama, kama mtu aliyekatazwa sukari anavyolipita duka la keki.

Siku ya majaribio mizinga ilipakiwa asubuhi na mapema, Mzee Kamba akaifunga. Kwanza lilipanda gari la gia za mkono. Mama Klachi alikaa, akavuta kiti, akatengeneza kioo, akaondoka. Lilikuwa geni kwake, na klachi yake ilishika juu zaidi ya ile ya zamani, lakini kufika kona ya pili walishaelewana. Pale penye mwinuko mkali alilazimika kushuka gia wakati gari limelemewa, na kwa kitambo kile kifupi, klachi ikiwa chini na mlima unavuta nyuma, masanduku yalisogea kidogo. Kidogo tu. Waliporudi uani, wifi mwenyekiti aliinama, sikio kwenye mbao, macho kayafumba.

"Wananung'unika," alisema. "Kama mtu aliyeambiwa asogee kitandani. Siyo mbaya."

Watu wakaanza kupongezana. Mzee Kamba alikuwa anatabasamu zaidi ya wote.

Mizinga ikahamishiwa gari la pili. Muuzaji, kijana wa tai nyekundu na viatu vilivyong'aa kuliko vioo vya magari yake, alipanda naye ili amwelekeze. Mzee Kamba akakaa katikati. Muuzaji alieleza kwamba mkono ubaki kwenye usukani, mguu wa kulia ufanye kazi zote, na wa kushoto upumzike. Kwenye mteremko unavuta kijiti mpaka gia ya chini, gari linajishika lenyewe. Mama Klachi alisema sawa, ameelewa. Na kichwa kilikuwa kimeelewa kweli. Mguu haukuulizwa.

Kupanda walipanda kama wamebebwa na maji. Penye ule mwinuko mkali alisubiri mshtuko, na mshtuko haukuja. Injini ilibadilisha sauti tu, ikaendelea. Aliuma mdomo. Ilimuuma kwamba ni rahisi. Wakageuza kona ya juu, wakateremka polepole, na mambo yakawa mazuri mpaka geti la ua likaonekana na watu wote wamesimama wanangoja.

Pale getini ndipo kila siku, kwa miaka yote, Mama Klachi alipokuwa akishuka gia ili aingie uani kwa utulivu. Mguu wa kushoto ulikuwa umepumzika njia nzima, na kumbe ulikuwa unangoja zamu yake. Ulipoona geti, ukanyanyuka, ukashuka kwa nguvu zote za klachi ya gari zito, na klachi haikuwepo. Iliyokuwepo ni breki, pana kama sinia.

Gari lilisimama kama limegonga ukuta. Muuzaji alibusu kioo. Nyuma, masanduku yaligongana yote kwa pamoja, wavu wa mzinga mmoja ukafyatuka, na sauti iliyofuata haikuhitaji sikio la mwenyekiti. Ilikuwa kama mafuta ya moto yaliyomwagiwa maji.

Mwenye nyuki anajua kwamba nyuki wakitoka unatulia. Muuzaji alikuwa anajua magari. Alifungua mlango akakimbia, tai inapepea begani, akavuka ua mzima, akaingia choo cha kikundi na kujifungia. Kwenye geti watu walitawanyika, mmoja akajifunika karai. Wifi mwenyekiti alisimama palepale mikono kifuani, nyuki wanamzunguka, anasubiri watulie kama anavyosubiri wateja wanaogombania zamu. Mama Klachi alishuka taratibu, lakini nyuki mmoja alishamwahi kwenye kope. Alipofika kivulini jicho la kulia lilikuwa limefumba.

"Basi," wifi akasema, "nyuki wameshapiga kura."

Kila mtu alikubali. Kutoka chooni sauti ilijitetea kwamba gari halina tatizo lolote, ni la uhakika, na kwamba anaweza kupunguza bei kidogo. Wifi akamjibu kuwa bei haijadiliwi na mtu aliye chooni, asubiri atoke.

Mama Klachi alikaa kwenye ngazi, kitambaa chenye maji jichoni, akasikiliza. Wanasema otomatiki halifai. Wanasema linafunga breki lenyewe kama limepagawa. Wanasema asante Mungu tumelijua mapema. Maana yake gia za mkono zimeshinda, na kiti ni chake. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza, na kunyamaza ni jambo rahisi kwa mtu aliyevimba jicho. Mumewe naye alikuwa kimya. Alijua vizuri kilichotokea, maana alikuwa amekaa karibu kabisa na ule mguu.

Gari lilikuwa limeziba geti. Mtu ilibidi aliondoe, na nyuki walikuwa bado wanazunguka bodi, kwa hiyo kila aliyetazamwa aligundua ana kazi mahali pengine. Mzee Kamba akasema ataliondoa yeye. Alikwenda kwa ule mwendo wake wa kuyumba kidogo, akapuliza moshi, akarudisha wavu mahali pake, akakaza kamba. Kisha akazunguka mbele, akashika mpini, akajivuta juu kwenye kiti cha dereva.

Mama Klachi alitazama kwa jicho moja. Ilikuwa ni kuvuta gari kutoka getini mpaka chini ya kibanda, mwendo ambao hata mtoto angeumaliza na toroli. Lakini mumewe alisogeza kiti. Akafuta usukani kwa kiganja, taratibu, mzunguko mzima. Akainua mkono akatengeneza kioo cha ndani, akakitazama, akakitengeneza tena. Mtu anayesogeza gari hatua chache hatengenezi kioo. Anayetengeneza kioo ni mtu anayesafiri.

Gari likaondoka. Halikuruka. Likaingia chini ya kibanda kama mtu anayeingia kwake, likasimama, na Mzee Kamba hakushuka. Alibaki mle ndani, mikono miwili juu ya usukani, injini inaunguruma taratibu.

Pale kwenye ngazi Mama Klachi alikishusha kitambaa. Akakumbuka kelele zote za mumewe kuhusu mlima unaotaka mtu. Kumbe mzee wa watu alikuwa anapigania kiti cha mkewe, na kila neno alilolisema lilikuwa linamfungia yeye mwenyewe mlango.

Akasimama.

"Wifi, hatujapima," alisema. "Gari halikufunga breki. Nimeifunga mimi. Huu mguu ulikwenda kutafuta klachi."

Wifi alimtazama, akaona kwamba ameachia kiti chake mwenyewe.

"Sasa nani atapima?" aliuliza. "Hapa kila dereva ana mguu wa kushoto uliozoea klachi. Kila mmoja atatufanyia hivyo hivyo."

Kutoka kwenye kiti cha dereva, chini ya kibanda, sauti ya Mzee Kamba ikaja polepole, kama mtu anayesoma kitu ambacho ndiyo kwanza amekiona.

"Mimi huo mguu wa kukosea sina."

Alianza kucheka mwenyewe. Kisha akacheka dada yake, pini zikamruka kwenye kola, kisha ua mzima, hata choo kikacheka bila kujua kinacheka nini. Mama Klachi alicheka mpaka jicho zima nalo likafumba, na akiwa hivyo, haoni kitu, akanyoosha kidole upande wa mlima.

"Nenda, baba. Twende."

Hakukaa mbele. Alipanda nyuma na mizinga, akakaa kati ya masanduku, sikio kwenye mbao. Kwa hiyo safari ile hakuiona, aliisikia. Nyuki walioshtuliwa walianza kwa kuunguruma. Kufika kona ya pili sauti yao ilishuka, wakawa wanalalamika tu. Kwenye mwinuko mkali alisikia injini inabadilisha sauti na nyuki hawakubadilisha yao. Kwenye mteremko alisikia mumewe anavuta kijiti hadi gia ya chini, gari likajishika, na hapo masanduku yalitoa mvumo mmoja mrefu, laini, kama mtu aliyelala chali baada ya chakula cha mchana. Na kulikuwa na mvumo mwingine, mnene zaidi, ukitokea mbele. Ilimchukua muda kutambua kwamba ni Mzee Kamba, anaimba bila maneno.

Wifi mwenyekiti alisikiliza kila sanduku, akarudia. Kisha akamtoa muuzaji chooni ili wazungumze bei kama watu.

Ugomvi wa kweli ulikuja jioni, nyumbani, na ulikuwa ugomvi wa aina yake, kila mtu anamsukumia mwenzake. Mzee Kamba alisema kiti ni cha mkewe, alichofanya yeye ni kupima tu. Mkewe akasema mtu anayepima hatengenezi kioo mara mbili. Mzee akauliza nani amemwona. Akajibiwa kwamba jicho moja linatosha. Mwishowe walikubaliana kwamba kupanda mlima na nyuki ni kwa mzee, na kurudi gari tupu ni kwa mama, mpaka mguu wa mama ukubali kukaa. Na kuukalisha haikuwa mchezo. Mzee Kamba akarudi kuwa mwalimu. Siku za kwanza alimvua mkewe kiatu cha kushoto na kumwambia aukunje mguu, aukalie, kama anasuka ukili. Mama Klachi aliendesha kuzunguka ua hivyo, mguu umekaliwa, analalamika kwamba umekufa ganzi. "Ndiyo vizuri," mwalimu alisema. "Ukifa utatulia." Wifi alipopita alitaka kujua kama sasa jina la mama litabadilika au vipi. Halikubadilika.

Safari ya kwanza ya kazi ilikuwa ya kupandisha mizinga bustanini. Waliondoka kunapambazuka, bodi imejaa, kamba zimekazwa. Mama Klachi alikaa upande wa abiria na hakujua mikono aiweke wapi. Kwanza alitazama barabara, kwa mazoea. Kisha, kwa kuwa barabara ilikuwa na mtu wake, akageuza kichwa dirishani.

Akakaa wima. Kule chini ya barabara, mahali ambapo yeye alijua ni vichaka, palikuwa na nyumba nzuri ya bati la bluu, na mwanamke anaanika nguo. Mwanamke akapunga mkono. Mama Klachi naye akapunga.

"Ile nyumba imejengwa lini?"

"Zamani," mumewe alisema, macho mbele. "Mama yule nampungia kila safari. Wewe ulikuwa unaendesha. Wamejenga, wamepaka rangi, wameozesha na binti."

"Na hukuniambia?"

"Ningekuambia ugeuke kutazama, uniue?"

Wakapita kona. Mzee Kamba alimwambia kwamba baada ya mti mkavu atazame chini kabisa, kuna bwawa, na jua likitoka linapendeza sana. Yeye mwenyewe sasa hawezi kulitazama, kazi ni kazi. Mama Klachi akateremsha kioo, akatoa kichwa nje.

"Lina maji?" Mzee Kamba aliuliza.

"Limejaa. Na kuna bata."

"Bata? Hawakuwepo. Wangapi?"

"Baba, tazama barabara," mkewe alisema. "Bata nitakuhesabia mimi."